Ngara, wilaya iliyopata jiji kwa usiku mmoja

Jioni ya tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, mpakani, wakitoka Rwanda iliyokuwa katika vita na mauaji ya kimbari. Saa 24 hazijatimia, walikwishavuka watu wanaokadiriwa kufika 250,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, likasema halijawahi kuona umati mkubwa kiasi kile ukivuka mpaka kwa muda mfupi kiasi kile. Wakatua Kasulo, wilayani Ngara, mahali panapoitwa Benaco kwa jina la kampuni ya ujenzi ya Kitaliano iliyowahi kupiga kambi hapo. Baada ya muda si mrefu wakimbizi wa Ngara wakawa wengi kuliko wenyeji wote wa wilaya, na Benaco ikaanza kutajwa kuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania, ikitanguliwa na Dar es Salaam tu.

Habari za mji ule zimeandikwa sana, lakini karibu zote ni habari za maturubai, maji, magonjwa na mahindi ya msaada. Ni sawa, maana hayo ndiyo yaliyookoa watu. Ila robo milioni ya watu hawawezi kukaa pamoja bila kuimba, kucheza, kusali kwa sauti na kusimuliana hadithi. Wageni wale walileta mila zao za ngoma na nyimbo katika nchi iliyokuwa na historia yake ndefu ya ngoma, na historia hiyo haijapewa heshima inayostahili.

Turudi nyuma. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo Biharamulo, wakielekea Karagwe kwa mtawala wa huko, Rumanika. Mtawala wa Usui, Suwarora, aliwachelewesha kwa madai ya hongo. Katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka 1863, Speke anasimulia jinsi ngoma zilivyopigwa katika nchi za njia ile kutangaza kwamba mtawala ameridhika na wageni wako huru kuendelea. Ngoma ilikuwa risiti ya malipo na hati ya kusafiria kwa pamoja. Katika falme za eneo hili, kuanzia Karagwe na Buhaya hadi Burundi, ngoma ilikuwa sehemu ya mamlaka yenyewe, na mtawala aliyenyang'anywa ngoma zake alihesabiwa amenyang'anywa nchi.

Rusumo nayo ina kumbukumbu zake. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera hapo kuingia Rwanda tarehe 2 Mei 1894, karne moja kasoro siku nne kabla ya umati wa 1994 kuvuka kuelekea upande wa pili. Wajerumani wakajenga ngome yao Biharamulo, ile Boma iliyosimama hadi leo, na Bugufi, nchi ya Wahangaza, wakaihesabu kuwa sehemu ya Urundi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Wajerumani, Bugufi ikaangukia Tanganyika. Mpaka ukawatenga Wahangaza na ndugu zao, lakini lugha haikukatika. Mhangaza na Mrundi hadi leo wanaelewana bila mkalimani, na wimbo wa harusi wa upande mmoja unaitikiwa upande wa pili.

Pigo kubwa kwa ngoma za watawala lilitoka kwetu wenyewe, na lilikuja bila kukusudiwa. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akieleza masikitiko yake kwamba wasomi wa wakati wake walifundishwa kudharau ngoma za babu zao. Mwaka uliofuata, 1963, utawala wa machifu ukafutwa kisheria. Hakuna aliyekataza ngoma za Bugufi, za Bushubi, nchi ya Washubi, wala za Rusubi, ile Usui ya Speke. Zilikosa tu mahali pa kupigiwa, na mtu wa kuzitunza. Zilizobaki zikahamia kwenye harusi, mavuno, Saba Saba na mapokezi ya viongozi, ambako mpiga ngoma hupewa dakika kumi kabla ya hotuba.

Kanisa nalo lilikuwa limefungua jukwaa jingine. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, uliingia Katoke, Biharamulo, kwenye shule ya Waanglikana, ukaenea hadi Bugufi. Watu walikusanyika wakatubu hadharani na kuimba usiku. Wamisionari wengi walizikataa ngoma, lakini makofi, kupokezana na kuitikia kwa sauti nyingi vilidumu. Kwaya za Ngara za leo, za Murgwanza na za parokia za Rulenge, zimerithi mengi hapo.

Hiyo ndiyo nchi iliyowapokea watu waliovuka Rusumo.

Benaco haikuchelewa kuwa na sura ya mji. Soko likaota, na pembeni yake vilabu vya pombe, vinyozi, mafundi cherehani, wauza nyama. Katika kambi za Goma, upande wa pili wa Rwanda, wakimbizi walihesabiwa kuwa na baa 2,324, mikahawa 450, studio 4 za picha na hata majumba 3 ya sinema. Ngara ilikuwa na chipukizi za maisha hayo hayo. Jumapili makanisa ya maturubai yalijaa kwaya, na wenyeji wa Kasulo, ambao kabla ya hapo iliwabidi wasafiri mbali kuona umati, sasa walikuwa na umati mlangoni, pamoja na mema na mabaya yake.

Mabaya yake yalikuwa mazito, na katika habari ya sanaa lazima yatajwe. Wengi wa watu wale walikuwa wamekimbia vita, lakini kati yao walikuwamo walioua, na waliowaamuru wengine waue. Juni 1994 fujo kubwa ilizuka Benaco pale mashirika ya misaada yalipotaka kumwondoa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi huko Rwanda. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011, na rufaa ikamwachia kifungo cha miaka 40. Watu hao walikuwa wametoka katika nchi ambamo redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza 1993, ilichanganya muziki mzuri na uchochezi wa kuua. Nyimbo za Simon Bikindi, mwanamuziki hodari kweli kweli, zilipigwa humo mara kwa mara. Mahakama hiyo hiyo ya Arusha ilimhukumu miaka 15 mwaka 2008, kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti akiwa barabarani mwaka 1994, si kwa nyimbo zenyewe. Hata hivyo wengi waliokaa Benaco walizijua nyimbo hizo na walijua zilivyotumika.

Kwa hiyo anayesema sanaa ni burudani tu, ya kupitishia muda, hajaijua historia ya Ngara. Sauti iliyowahi kuwatia watu wazimu ilihitaji kujibiwa kwa sauti nyingine. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara, jina lenye maana ya tumaini. Ikatangaza kwa lugha za wakimbizi na kwa Kiswahili, ikachanganya habari, elimu ya afya, muziki na michezo ya kuigiza. Kwa mkimbizi asiyejua ndugu yake yuko kambi gani, na kwa mkulima wa Kasulo ambaye shamba lake limekanyagwa na miti yake kukatwa kuni, ilikuwa mara ya kwanza kusikiliza sauti moja. Kwa maoni yangu hii ndiyo taasisi kubwa ya utamaduni kuwahi kuzaliwa wilayani Ngara, na ilizaliwa katika miaka migumu kuliko yote.

Jiji lenyewe halikudumu. Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, jeshi likawageuza, na barabara ya Rusumo ikajaa tena. Lukole, kambi ya wakimbizi Warundi huko huko Ngara, iliendelea hadi ilipofungwa miaka zaidi ya kumi baadaye. Mwanaanthropolojia Simon Turner, aliyefanya utafiti humo mwishoni mwa miaka ya 1990, ameandika juu ya vijana waliojijengea majina kwenye soko na baa zake. Leo jina la Benaco ni la mji mdogo wa malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura. Dereva anakula chips na mishikaki hapo bila kuona hata kibao kimoja kinachomwambia aliposimama palikuwa na nini.

Wenzetu wamechukua hatua. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Miaka mitatu baadaye serikali ya Burundi ikatoa amri ya kuwakataza wanawake kuzipiga. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo, na hiyo ni nafasi kwa mabinti wa Ngara, wanaoishi karibu kabisa na mila hiyo, kushika vijiti na kuonyesha wanachoweza. Kule Bujora, nje kidogo ya Mwanza, kituo kilichoanzishwa na Padri David Clement kinatunza ngoma za watemi wa Kisukuma, na kila Juni sikukuu ya Bulabo huvuta watu kutoka mbali. Biharamulo ina Boma yenye kuta imara na kivuli. Ngara ina redio, ina kwaya, ina maporomoko ya Rusumo. Sioni sababu ya wilaya hizi mbili kukosa hata siku tatu za tamasha lao kila mwaka, ambamo Mshubi, Mhangaza na Msubi watakaa jukwaa moja na wageni kutoka ng'ambo ya mto.

Lakini kabla ya jukwaa kuna kazi ya kinasa sauti. Maofisa utamaduni wa halmashauri za Ngara na Biharamulo waende vijijini wakawarekodi wazee, wakatafute na kanda zozote za miaka ya 1990 zilizobaki mikononi mwa watu. Aliyekuwa na miaka 30 siku ile ya Rusumo sasa amepita 60. Walioshuhudia ngoma zikipigwa mbele ya machifu kabla ya 1963 wamebaki wachache, na hao ndio wa kuanza nao.