Kutembelea maporomoko ya Wagenia kwa siku moja

Maporomoko ya Wagenia yako Kisangani kwenyewe. Ndiyo ya mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, yanayoanzia upande wa Ubundu, zaidi ya kilometa 100 toka hapa. Meli haiwezi kupita, ndiyo maana njia ya treni Kisangani–Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906.

Uvuvi. Wagenia wanasimamisha miti mikubwa katikati ya mawe na kuifunga kwa kamba za porini. Humo wananing'iniza vikapu vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji yanasukuma samaki ndani, na nguvu ya maji ileile inawazuia kutoka.

Kufika. Toka mjini, moto ama toleka inatosha. Ukifika, uanze kwa kumsalimia shefu wa kijiji, ao mtu anayemwakilisha.

Malipo. Mpatane bei mbele ya kupanda pirogi: ya kiongozi, ya wapiga kasia, na ya picha kama zinalipiwa. Uulize pia pesa inafikia nani. Nafasi za mitego ni za jamaa, zinarithiwa toka kwa wazee. Kwa hiyo mgeni anaingia kwenye kazi ya watu. Hii si mapambo ya watalii.

Usalama. Usipande miti ile: kuteleza kidogo tu, mto unakubeba. Mwenye kutaka kuona vikapu vikitolewa afuate saa ya wavuvi. Samaki wakipatikana, kuwanunua palepale ni msaada mzuri kwa jamaa zile.