Siti binti Saad na Wenzake: Sauti Moja, Mikono Mingi

Katika historia ya utamaduni wetu yako majina ambayo yamekua hata yakafunika majina mengine yaliyosimama karibu nayo. Jina la Siti binti Saad ni mojawapo. Ikitajwa taarab ya Kiswahili, hutajwa yeye. Zikitajwa sahani za mwanzo za santuri zilizochukua sauti ya mwanamke wa Afrika Mashariki, hutajwa yeye. Hata chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988, kililipa jina la Sauti ya Siti. Heshima hiyo ni haki yake, wala hatukusudii kuipunguza hata chembe. Lakini liko swali ambalo halijaulizwa vya kutosha madarasani: je, sauti ile tuisikiayo katika sahani zile ilifanywa na nani? Jibu letu ni kwamba ilifanywa na Siti pamoja na wenzake, na kwamba asiyewajua wenzake hajamjua Siti mwenyewe.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Alizaliwa katika hali ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hili la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye mjini. Utumwa ulipoondolewa kisheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, yeye alikuwa tayari msichana mkubwa. Shule hakusoma. Kazi aliyorithi nyumbani ilikuwa ya ufinyanzi, na vyungu vilivyofinyangwa aliviuza mjini, akivinadi kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihama shamba akaenda kukaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kazi, wengi wao wakiwa watumwa wa zamani na wazao wao.

Tukumbuke ya kuwa sauti nzuri peke yake haikumfungulia mtu mlango wa taarab siku zile. Muziki huo uliingia Unguja kwa njia ya jumba la Sultani. Masimulizi ya Kizanzibari yaeleza kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri mtu wake kujifunza kupiga ala, ili aje awafundishe wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikuwa wanaume, na nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Hivyo muziki huu ulikuwa na kuta tatu: ukuta wa jumba, ukuta wa lugha na ukuta wa jinsia. Mfinyanzi wa Fumba alikuwa nje ya kuta zote tatu.

Aliyemshika mkono kwanza alikuwa Muhsin Ali, mtu wa Ikhwani Safaa. Huyu alimsikia, akaona kwamba ndani ya sauti ile mna kitu, akajitolea kumfundisha kuimba kwa kufuata ala na kutamka Kiarabu sawasawa. Mafunzo hayo si jambo dogo. Mwenye kunadi vyungu hupandisha sauti yake apendavyo na huishusha apendavyo. Mwenye kuimba taarab hana budi kujua mahali pa kuingia, mahali pa kunyamaza, na namna ya kuivuta silabi moja hata ipite katika daraja kadhaa za sauti bila ya kukatika pumzi. Kisha Muhsin Ali alimfikisha kwa watu ambao atafuatana nao miaka mingi.

Watu hao majina yao ni haya, na tungependa yaandikwe ubaoni pamoja na jina la Siti: Subeit bin Ambar, mpigaji wa udi; Maalim Shaaban, ambaye cheo kilichotangulia jina lake chatuonyesha kuwa alikuwa mtu wa elimu; Buda bin Swedi; na Mbaruk Effandi Talsam, fundi kipofu aliyetoka Mombasa. Hawa hawakuwa watumishi wa mwimbaji. Baadhi yao walikuwa waimbaji kwa haki yao wenyewe, na sauti zao nazo zilichukuliwa katika santuri. Tunaposema kikundi cha Siti, basi, tusifikirie malkia na raia wake. Tufikirie jahazi, ambalo nahodha wake ni mmoja lakini tanga huvutwa na wengi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya ala, maana hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu. Udi ni chombo ambacho shingo yake haina vigawanyo vya sauti. Kidole cha mpigaji kinaweza kusimama popote juu ya uzi, na kwa hiyo chombo hicho chaweza kutoa hata zile sauti za katikati ambazo kinanda cha Kizungu hakina. Sifa hiyo yalingana na koo la mwanadamu, ambalo nalo halina vigawanyo. Mpigaji wa udi anapoanza, huuonyesha kwanza mwendo wa sauti ambao wimbo utaufuata, kama mtu anayetangulia na taa katika njia ya usiku. Mwimbaji huingia akiwa amekwisha kuonyeshwa njia. Kwa hiyo twaposikia sauti ya Siti ikiingia kwa uthabiti, bila ya kupapasa, tujue ya kwamba mbele yake alikuwapo mtu mwenye taa.

Fidla nayo ina kazi nyingine. Fidla hufuata sauti kwa karibu, lakini haiifuati kama kivuli. Mwimbaji anapomaliza mshororo na kuvuta pumzi, fidla hujibu: mara huyarudia yaliyoimbwa, mara huyapamba. Daf na rika hushika mapigo, na hao ndio wanaomzuia mwimbaji asikimbie wala asichelewe. Katika kikundi kikubwa, wapigaji wakiwa wengi, sauti ya mwimbaji huweza kumezwa. Kikundi cha Siti kilikuwa kidogo, na udogo huo ulikuwa faida. Maneno yalisikika. Na maneno yalipaswa kusikika, kwa kuwa sasa yalikuwa maneno ya Kiswahili, na wasikilizaji walikuwa watu walioyajua kila moja na waliotaka kuyapima.

Sisi tulio watunzi wa mashairi twaona hapa jambo la kujifunza. Ubeti wa taarab kwa kawaida una mishororo mitatu, na kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, vyenye vina vya kati na vya mwisho. Huo si umbo la Kiarabu wala la Kihindi. Ni umbo lililokwisha kuzoewa na masikio ya Waswahili. Muziki ulikuwa umetoka mbali, ukiwa na mwendo wake. Ilibidi basi vitu viwili vipatanishwe: mwendo wa ala uliotoka Misri na Uarabuni, wakati mwingine na Bara Hindi, na mizani ya lugha yetu. Mshororo ukiwa mfupi kuliko mwendo wa muziki, silabi huvutwa au kipande hurudiwa; ukiwa mrefu, ala husubiri. Upatanisho wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu mmoja akiwa peke yake. Hufanywa na mwimbaji na wapigaji wake, wakikaa pamoja usiku baada ya usiku, wakijaribu na kurekebisha.

Na ndivyo walivyofanya. Nyumba ya Siti huko Ng'ambo ilikuwa kama baraza. Watu walikusanyika jioni, jirani akaja na mgeni akaja, na habari za mji zikaletwa: nani kadhulumiwa, nani kafungwa, karani gani kala fedha za watu. Katika mazungumzo hayo nyimbo zilizaliwa. Mmoja alileta kisa, mwingine akaleta kina, mwingine akapata mwendo wa udi, na Siti akaitia roho. Wimbo ujulikanao kwa jina la Kijiti ni mfano mzuri. Wasimulia juu ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji akatorokea bara, na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi wakaishia kuadhibiwa wao. Wimbo huo uliyaweka hadharani mambo ambayo kumbukumbu za mahakama ya kikoloni zisingeyapima kwa mizani ya wanyonge. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti lao, lakini walikuwa na baraza hili.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza santuri. Siti alikuwa amekaribia umri wa miaka 50. Alikuwa na miaka kama kumi na saba ya mjini nyuma yake. Aliyesimama mbele ya kipaza sauti, basi, hakuwa mwanagenzi aliyevumbuliwa na wafanya biashara, bali alikuwa fundi aliyekamilika pamoja na mafundi wenziwe. Tena mwaka huohuo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea nyumba zao. Mambo hayo mawili hayakuwa tendo moja, lakini yalitoka katika mtaa mmoja na kwa watu wa aina moja, ambao walikwisha kuchoka kunyamaza.

Santuri ilikuja na sharti lake. Upande mmoja wa sahani za zama zile ulichukua muziki wa dakika tatu hivi. Nyimbo zilizozoea kuendelea usiku, zikirudiwa kadiri wasikilizaji walivyotunza na kushangilia, zilitakiwa sasa ziingie katika muda wa kupika kikombe cha chai. Nani apunguze? Utangulizi wa udi ukiwa mrefu, beti zitaachwa. Beti zote zikiimbwa, majibu ya fidla yatafutwa. Uamuzi huo ndio ulioipa santuri sura yake, na hauwezi kuwa uamuzi wa koo peke yake. Kikundi kilichozoeana kiliweza kujikunja bila ya kuvunjika. Tunachokisikia leo ni matokeo ya kuzoeana huko.

Sahani zile ziliuzwa pwani na bara, na safari ya kwanza ikafuatwa na kazi nyingine ya kurekodi. Makampuni mengine, kama Odeon na Columbia, nayo yakaja kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Faida kubwa zaidi, hata hivyo, haikuwa ya fedha. Mtu wa mbali ambaye hakupata kufika Unguja alisikia lugha yake mwenyewe ikitoka katika kile chombo ambacho hapo awali kilimletea Kiarabu, Kihindi na Kiingereza tu.

Huenda mwanafunzi mwerevu akauliza: ikiwa Muhsin Ali alifundisha, Subeit akaonyesha njia, na baraza likatunga, je, Siti mwenyewe alileta nini? Swali hilo ni la haki. Jibu la kwanza ni sauti yenyewe, ambayo hakuna mwalimu awezaye kuitia katika koo lisilokuwa nayo. Jibu la pili ni ujasiri. Aliyesimama mbele alikuwa yeye, na mishale ililengwa kwake. Mahasidi walitunga beti za kuidhihaki asili yake na sura yake. Hawakumdhihaki mpigaji wa udi. Siti hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa wimbo, akaonyesha kuwa ubora wa mtu ni akili yake wala si uso wake. Jibu la tatu, nalo kwetu ndilo kubwa, ni unyenyekevu wa kukubali kufundishwa akiwa mtu mzima, na wa kukubali kwamba jina lake libebe kazi ya wengi bila ya yeye kuwafukuza hao wengi. Wasanii wengi wameanguka mahali hapo.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, ambaye alipata kuzungumza naye, alimwandikia wasifu uliosomwa na vizazi vya wanafunzi, na nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na wengine, hasa Bi Kidude binti Baraka, aliyeishi mpaka mwaka 2013. Wasifu ni hazina. Lakini wasifu kwa tabia yake hufuata maisha ya mtu mmoja, na maneno yaliyochapwa hayana udi wala fidla. Mwanafunzi anayesoma beti kitabuni bila ya kusikia sahani amepata mifupa bila ya nyama.

Kwa hiyo twawaomba walimu watende mambo mawili. Kwanza, wawasikilizishe wanafunzi wimbo mmoja mara tatu: mara ya kwanza wafuate maneno, mara ya pili waifuate udi, na mara ya tatu waangalie ala hufanya nini mwimbaji anapopumua. Pili, wawape wanafunzi kisa cha mtaani kwao, wawagawe katika makundi, na kila kundi litunge ubeti mmoja wa mishororo mitatu na kuutafutia mwendo. Watagombana juu ya vina. Watagombana zaidi juu ya nani aimbe. Watakapopatana, watakuwa wamefahamu namna kazi ya Siti na wenzake ilivyofanyika, kwa kuwa wataijua kwa midomo na mikono yao wenyewe.