Siri ya Mwenyewe na Siri ya Ghala

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya makumbusho ni kuonyesha. Kwa kweli vitu vinavyoonyeshwa ni vichache. Vilivyo vingi hukaa ghalani, na baadhi yake havijapata kuonwa na umma hata mara moja. Kabla ya kuilaumu kufuli, yafaa kuuliza ufunguo umo mkononi mwa nani.

Waikoma wa wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, wana jozi ya pembe za ndovu ziitwazo Machaba. Masimulizi yao husema kuwa asili yake ni mganga wa Kitatoga, ambaye wazee wa kale walimwendea kutafuta kinga. Pembe hizo hazikuwekwa zitazamwe na kila mpita njia. Zina watunzaji na zina tambiko lake. Mwikoma asiyeziona leo hajanyimwa kitu, kwa kuwa anajua zipo, na anajua kuwa ni zake yeye na wenziwe. Siri hiyo haiwatengi watu, bali huwaunganisha.

Sasa na ilinganishwe Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, Kenya. Nayo ilikuwa ngoma ya enzi na ibada, isiyoonwa ovyo. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London. Huko nako ilifichwa. Mwaka 2016 mzawa wa ukoo wa kifalme aliruhusiwa kuiona ghalani, akarudi kwao bila ngoma. Kwa macho, maficho hayo mawili ni mamoja. Kwa maana, ni mbingu na ardhi. Kwao, ngoma ilinyamaza ikingoja siku yake. Ghalani haina siku.

Wala makumbusho hayo si wageni wa heshima ya siri. Yana tabot 11, vibao vitakatifu vya Kanisa la Ethiopia, ambavyo vingi vyao vilitekwa Maqdala mwaka 1868. Hata wasimamizi wake hawaruhusiwi kuvitazama. Basi mwiko wa wenyewe unatiiwa, na mali yao haitolewi! Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 ndiyo kizuizi kinachotajwa, lakini sheria iliyotungwa na watu yaweza kutunguliwa na watu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa historia asiulize tu kwa nini kitu hakionyeshwi. Aulize ni nani mwenye haki ya kusema kitoke lini, na kama mtu huyo aweza kuufikia mlango.