Mtoto wa Kibera na mzigo wa herufi: Jinsi ubongo unavyosoma Kiarabu

Mtoto wa jamii ya Wanubi katika eneo la Makina, Kibera, jijini Nairobi, huzungumza Kinubi nyumbani, husoma Kiswahili na Kiingereza shuleni, kisha alasiri huketi madrasani mbele ya msahafu. Akikwama katika aya ilhali kitabu cha Kiswahili hukisoma bila taabu, mara nyingi lawama humwangukia yeye. Husemwa kuwa ni mvivu, au kwamba wingi wa lugha umemvuruga akili. Utafiti kuhusu ubongo unaonyesha kuwa sehemu kubwa ya ugumu huo imo katika maandishi yenyewe.

Binadamu alianza kuandika yapata miaka 5,000 iliyopita, muda mfupi mno kwa ubongo kujiumbia kiungo cha kusomea. Kwa hivyo huazima sehemu iliyokuwepo tangu zamani kwa ajili ya kutambua vitu na nyuso. Sehemu hiyo iko upande wa kushoto, chini, kuelekea kisogoni, na mwanasayansi wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, ameipa jina la utani la sanduku la barua. Msomaji wa Kichina, wa Kiingereza na wa Kiarabu wote huitegemea, na mwenye lugha mbili kwa kiasi kikubwa huzipitishia zote humo.

Linalotofautiana ni kazi inayotakiwa kufanywa. Kiarabu kina herufi 28, na nyingi hubadili umbo kulingana na mahali zilipo katika neno. Mbaya zaidi, baadhi hutenganishwa na nukta tu. Chukua neno *bint*, tulilolipokea kama binti, na *nabt*, yaani mimea. Yakiandikwa bila irabu, mifupa ya maneno hayo ni ile ile. Nukta moja ya juu na moja ya chini zimebadilishana nafasi, na msichana amegeuka kuwa mmea. Sisi tunaosaka makosa ya chapa kila usiku tunashukuru kwamba gazeti letu limeandikwa kwa herufi za Kilatini.

Katika Chuo Kikuu cha Haifa, Raphiq Ibrahim, Zohar Eviatar na mwenzao walichapisha mwaka wa 2002 utafiti kuhusu vijana ambao lugha yao ya kwanza ni Kiarabu. Vijana hao walishughulikia herufi za Kiarabu polepole kuliko za Kiebrania, lugha yao ya pili. Walipofanya zoezi la namna hiyo kwa mdomo, bila maandishi, tofauti haikuonekana.

Majaribio ya baadaye yalimulika herufi kwa muda mfupi sana upande mmoja wa macho. Kinachoonekana kushoto hufika kwanza nusu ya kulia ya ubongo, na cha kulia hufika nusu ya kushoto. Kwa Kiingereza na Kiebrania, nusu zote mbili ziliweza kutambua herufi. Kwa herufi za Kiarabu zinazofanana, nusu ya kulia ilishindwa, na mzigo ukaelemea upande wa kushoto. Nusu ya kulia hutazama umbo kwa jumla, nayo nukta ni jambo dogo mno kwake.

Ikiwa hali ni hiyo kwa Mwarabu, mtoto wa Kibera ana la ziada. Kinubi kilitokana na Kiarabu cha askari wa Sudan, ambao vizazi vyao walihudumu katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles na kupewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanaisimu Bernd Heine alikieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1982. Msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu, lakini sauti za kooni kama ain, na zile nzito kama swad na twa, zilipotea. Kwa hiyo mtoto hujifunza umbo la herufi na sauti yake kwa wakati mmoja, wakati watu wazima wakidhani kuwa lugha anayo tayari.

Irabu nazo zina hadithi yake. Msahafu huziandika zote, na ndiyo maana mwanafunzi anaweza kusoma ukurasa mzima kwa ufasaha bila kuelewa maana. Mwaka wa 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kama hesabu ya kuzidisha: kutamka maandishi mara kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Gazeti la Khartoum, kwa upande wake, huacha irabu. Herufi k-t-b zaweza kuwa *kataba*, aliandika, au *kutub*, vitabu, na ni maana ya sentensi tu inayoamua.

Lakini kuhusu hofu kwamba kusoma kutoka kulia kutamharibia mtoto usomaji wa kutoka kushoto, wazazi watulie. Jicho la msomaji hunasa herufi nyingi zaidi upande linakoelekea. Utafiti wa mwaka wa 1981 kwa wasomaji wa Kiebrania na Kiingereza, na mwingine wa mwaka wa 2014 kwa wa Kiarabu na Kiingereza, ulionyesha kuwa mtu yule yule hugeuza upande huo kulingana na maandishi yaliyo mbele yake.