Kuwinda "mbwa wa mbuga" Marekani: Mambo ya kupanga kabla ya safari yako ya kwanza

Kama unaishi majimbo ya katikati ya Marekani, ipo siku mfanyakazi mwenzako au jirani atakuambia: "Wikiendi hii twende tukapige prairie dog." Maana yake ni "mbwa wa mbuga". Kwake ni jambo la kawaida, amelizoea tangu utotoni. Kwako wewe mgeni, safari hiyo ina mambo mengi ya kujua kabla hujaikubali, na moja kati ya hayo linaweza kukuharibia makaratasi yako ya uhamiaji.

Haya hapa mambo ya kupanga, moja baada ya jingine.

Ni mnyama gani huyu?

Jina lisikuchanganye, huyu si mbwa. Ni mnyama wa jamii ya kindi, anayefanana sana na kidiri wetu anayechimba mashimo ardhini. Aliitwa mbwa kwa sababu ya mlio wake unaofanana na kubweka. Ana uzito wa kilo moja hivi na anaishi kwenye makundi makubwa yenye mashimo mengi. Wamarekani huyaita makundi hayo "miji".

Zipo aina tano. Anayewindwa zaidi ni mwenye mkia mweusi, anayepatikana South Dakota, Wyoming, Montana, Nebraska, Kansas na Colorado. Aina inayoishi Utah peke yake inalindwa na sheria ya serikali kuu, na ile ya Meksiko iko hatarini kutoweka. Kwa hiyo usiseme tu "mbwa wa mbuga ni mbwa wa mbuga". Jua ni aina gani iko unakokwenda.

Wafugaji wengi hawampendi kwa sababu anakula majani ambayo ng'ombe wao wangekula. Ndiyo maana majimbo mengi yanaruhusu apigwe bila kikomo cha idadi.

Makaratasi kwanza, bunduki baadaye

Hapa ndipo wageni wengi huteleza. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, kazi au matembezi, kumiliki au hata kushika bunduki na risasi. Kuazimwa na rafiki kwa dakika tano porini nako kunahesabika.

Lakini kuna mlango. Ukiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, na muda wake haujaisha, sheria hiyo inakuruhusu. Tatizo ni kwamba Wyoming, kwa mfano, haidai leseni kwa ajili ya mnyama huyu. Mwenyeji wako atakuambia kwa nia njema kabisa, "Huku hatuhitaji leseni, twende tu." Yeye kweli haihitaji. Wewe mwenye viza unaihitaji, kwa sababu ndiyo inayokupa ruhusa ya kushika bunduki. Ikate kabla ya siku ya safari na utembee nayo mfukoni.

Mwenye grini kadi hayumo kwenye katazo hilo la viza. Aliye nchini bila kibali halali asiguse bunduki kabisa, na leseni haimsaidii. Vilevile mtu aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai, au kosa la kumpiga mwenza wake, amekatazwa hata akiwa raia. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata, muulize mwanasheria wa uhamiaji. Usimuulize muuza bunduki.

Unatoka nje ya Marekani na unataka kuja na bunduki yako? Utahitaji kibali cha kuingiza silaha, Fomu 6NIA ya shirika la ATF, na maombi hayo hufanywa mapema kabla ya safari. Kwa safari ya kwanza ni rahisi zaidi kutumia bunduki ya mwenyeji wako.

Kwa ndege za ndani, bunduki husafiri kwenye mzigo unaokabidhiwa, haina risasi ndani, imo kwenye boksi gumu lililofungwa kwa kufuli, na unaitaja mwenyewe kaunta. Risasi ziwe kwenye pakiti zake. Mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha takriban kilo 5 za risasi kwa abiria.

Ardhi hiyo ni ya nani?

Mbuga ikiwa wazi hadi upeo wa macho haina maana kwamba haina mwenyewe. Kuna aina nne za ardhi, na kila moja ina sheria zake.

Ya kwanza ni ranchi ya mtu binafsi. Omba ruhusa wiki kadhaa kabla, na ikiwezekana uipate kwa maandishi. Wengine hutoza kwa siku, wengine hawatozi. Muulize ng'ombe wake watakuwa upande gani, barabara ipi utumie na mageti yafungwe vipi. Kanuni ya huko ni moja: geti uliache kama ulivyolikuta.

Ya pili ni ardhi ya umma, kama zile mbuga za nyasi zinazosimamiwa na Idara ya Misitu. Nyingi zinaruhusu, lakini si zote. Bonde la Conata, ndani ya Buffalo Gap huko South Dakota, limefungwa kwa upigaji wa mnyama huyu. Sababu yake utaiona hapo chini.

Ya tatu ni hifadhi za taifa. Badlands, Wind Cave na Devils Tower zote zina miji ya wanyama hawa, na humo ni marufuku kuwapiga. Tatizo ni kwamba Badlands imepakana na ardhi ya umma inayoruhusiwa, kwa hiyo beba ramani inayoonyesha mipaka. Ipakue kwenye simu kabla hujaondoka mjini, maana huko mtandao hukatika.

Ya nne ni ardhi ya makabila asilia, kama Rosebud na Lower Brule huko South Dakota. Huko kabila ndilo linalotoa kibali, na leseni ya jimbo peke yake haitoshi.

Uende lini?

Majike huzaa mara moja kwa mwaka, na watoto hutoka mashimoni kati ya Mei na Juni. Mama akipigwa mapema kabla ya hapo, watoto wanakufa njaa chini ya ardhi. Ndiyo maana Colorado hufunga uwindaji huu kwenye ardhi ya umma kuanzia Machi 1 hadi Juni 14. Hata pale sheria inapokuruhusu kupiga majira ya kuchipua, ni vyema usubiri mpaka katikati ya Juni.

Kiangazi, wanyama hutoka asubuhi na jioni. Mchana jua likiwaka wengi hushuka chini. Kwa hiyo fika na mapambazuko, pumzika saa sita, kisha rudi saa kumi.

Bunduki na vifaa

Huhitaji bunduki kubwa. Ndogo ya .22 inatosha kwa karibu, chini ya mita 100. Ya .17 HMR inafika mbali kidogo, mita 150 hivi. Wengi hutumia .223 kwa umbali wa mita 200 hadi 300.

Mtihani mkubwa ni upepo. Nyanda hizo hazina miti ya kuuzuia. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni unaweza kuisogeza risasi nyepesi ya .223 kwa takriban sentimita 30 ikifika mita 270. Mnyama mwenyewe upana wake ni kama kiganja chako. Ukimkosa padogo unamjeruhi, naye anaingia shimoni kufia huko polepole. Basi jiwekee kikomo: usipige umbali ambao huwezi kulenga kwa uhakika uwanja wa mazoezi. Nenda uwanjani mara kadhaa kabla ya safari, ukiwa na risasi zilezile utakazotumia.

Vingine vya kubeba ni hivi:

- Meza ndogo ya kupigia au miguu miwili ya kushikilia bunduki, pamoja na vifuko vya mchanga.
- Darubini ya mkononi na kipima umbali cha leza.
- Vizuia masikio na miwani ya kinga. Hivi si vya hiari.
- Bunduki ya pili ukiipata. Mtutu hupata moto upesi, na ukiendelea kupiga unaharibika. Pumzisha moja wakati nyingine inafanya kazi.
- Risasi za kutosha. Watu hutumia mamia kwa siku moja, na duka linaweza kuwa mwendo wa saa nzima.

Ukiweza, nunua risasi zisizo na madini ya risasi nyeusi. Mizoga hubaki mbugani, na tai na vipanga huila pamoja na vipande vya sumu hiyo.

Angalia nyuma ya shabaha

Risasi ya .22, ndogo kama inavyoonekana, inaweza kusafiri takriban kilomita 2. Pia huruka ikigonga jiwe au ardhi ngumu. Usipige mnyama aliyesimama juu ya mgongo wa kilima huku nyuma yake ni anga tupu. Huwezi kujua kama upande wa pili kuna nyumba, ng'ombe au mtu kwenye trekta. Piga pale tu ambapo kuna udongo wa kuipokea risasi.

Mkiwa kikundi, wote mkae mstari mmoja. Anayetaka kwenda mbele aseme, na wote wafungue bunduki zao na kuziweka chini kwanza.

Si kila anayetoka shimoni ni halali kupigwa

Kwenye miji hiyo kuna wapangaji. Bundi wa mashimoni hukaa humo na husimama wima mlangoni, mchana kweupe. Ukiwa mbali utadhani ni mnyama unayemtafuta. Bundi huyo analindwa na sheria ya serikali kuu, kwa hiyo hakikisha kwa darubini kabla hujagusa kifyatulio.

Mwingine ni kicheche mwenye miguu myeusi. Huyu chakula chake karibu chote ni mbwa wa mbuga, na anaishi kwenye mashimo yao. Ilidhaniwa ametoweka kabisa mpaka mwaka 1981, mbwa wa mfugaji mmoja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipomleta mmoja nyumbani akiwa mzoga. Ndiyo maana Conata imefungwa: ni moja ya sehemu chache alikorudishwa.

Kumbuka pia kwamba mbwa wa mbuga wenyewe wamepungua sana. Mwaka 1901 mwanasayansi Vernon Bailey alikadiria mji mmoja huko Texas kuwa na wanyama milioni 400. Sumu, majembe ya trekta na maradhi vimewamaliza sehemu kubwa. Kwa hiyo kuruhusiwa kupiga bila kikomo hakukulazimishi umalize mji mzima.

Analiwa? Usiguse kwanza

Swali hili huulizwa na wengi. Kwa kawaida wawindaji wa huko hawamli, na wewe usimguse kwa mikono mitupu. Viroboto wake wanaweza kubeba tauni, ugonjwa uleule uliowahi kusumbua Lushoto kwa miaka mingi na ambao bado hujitokeza Ituri huko Kongo.

Vaa buti, chomeka suruali kwenye soksi na upulize dawa ya wadudu. Usiende na mbwa wako. Ukifika kwenye mji wenye mashimo mengi lakini kimya, hakuna anayebweka, ondoka. Huenda tauni imepita. Mjulishe mwenye ardhi.

Ukirudi nyumbani ukapata homa ya ghafla au mtoki ndani ya siku chache, nenda hospitali na uwaambie ulikuwa wapi. Tauni inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Wala usichukue mtoto wa mnyama huyu ukamfuge. Mwaka 2003 watu 47 katika majimbo sita ya Marekani waliugua mpox, ikathibitishwa au ikadhaniwa ndiyo, baada ya kuwa karibu na mbwa wa mbuga wa kufugwa. Wanyama hao walikuwa wamewekwa pamoja na panya walioagizwa kutoka Ghana.

Na mkono wako usiingie shimoni kwa sababu yoyote. Nyoka wenye njuga mkiani hujificha humo.

Gari, maji na hali ya hewa

Jaza mafuta mjini. Beba maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji, kofia pana na kitu cha kukupa kivuli. Mvua ikinyesha, udongo wa mfinyanzi wa barabara za huko hugeuka utelezi unaonasa hata gari la magurudumu manne. Ukiona wingu zito, toka mapema kwenye barabara ya lami. Radi ikianza, kaa ndani ya gari.

Usiegeshe gari juu ya nyasi kavu. Ekzosi yenye moto inaweza kuwasha mbuga nzima, na moto huo hautauzima kwa chupa ya maji.

Kabla ya kuwasha gari, jiulize

- Nina leseni, na hali yangu ya uhamiaji inaniruhusu kushika bunduki?
- Nina ruhusa ya mwenye ardhi, na ramani ya mipaka iko kwenye simu?
- Nimesoma sheria za mwaka huu za jimbo hilo, siyo za mwaka jana?
- Nimefanya mazoezi ya kutosha na bunduki hii?
- Kuna mtu nyumbani anayejua niko wapi na narudi saa ngapi?

Kama jibu moja ni hapana, ahirisha. Mwambie mwenyeji wako ukweli, kwamba unasubiri leseni. Mwindaji mzoefu ataelewa, na mbuga itakuwepo hata mwezi ujao.