Jua Kali Mbele ya Karani

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilituma Kenya kundi la wataalamu chini ya Richard Jolly na Hans Singer, wote wa Chuo Kikuu cha Sussex. Waliitwa kuchunguza ukosefu wa kazi. Walichokikuta ni watu waliokuwa wakifanya kazi kutwa na bado hawajikimu: mafundi wa vyuma, washonaji, wachuuzi, maseremala wa kando ya barabara, wale waitwao jua kali. Taarifa yao ililieneza duniani jina la sekta isiyo rasmi, ambalo mwanaanthropolojia Keith Hart alikwisha kulitumia kuhusu wahamiaji wa mtaa wa Nima, Accra. Waliishauri serikali iache kubomoa vibanda na ilegeze masharti ya leseni.

Ushauri ulikuwepo, ila hesabu haikuwepo. Takwimu za ajira zilitoka hasa kwa waajiri waliosajiliwa, waliopelekewa fomu wazijaze. Fundi wa Gikomba, Nairobi, asiye na sanduku la posta angejaza fomu gani? Hata Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuwaahidi mabanda, na hata waraka wa sera ya uchumi wa 1986 ulipowataja kwa heshima, serikali ilikuwa ikiwasifu watu isiojua idadi yao.

Njia ya kuwahesabu ilitoka kwingine. Carl Liedholm na Donald Mead, wachumi wa Michigan State University, walikuwa wamejaribu katika nchi kadhaa za Afrika utaratibu usio na ujanja wowote: chagua maeneo kwa sampuli, kisha pita mlango kwa mlango ukiuliza kama kuna mtu humo anayeuza au kutengeneza chochote. Kenya ilipoufuata mwaka 1993, ilipata biashara ndogo zipatazo laki tisa, zenye wafanyakazi kama milioni mbili. Nyingi hazikuwa na kibao wala mlango unaotazama barabara. Mama anayesuka vikapu sebuleni au kuuza maziwa jikoni haonwi na karani anayehesabu maduka, na kwa maoni yangu kumfikia yeye ndiko kulikokuwa tunda kubwa la utafiti ule kuliko jumla yenyewe.

Mwaka 1999 Idara Kuu ya Takwimu iliingia uwanjani pamoja na shirika la mikopo midogo la K-Rep na kituo cha utafiti cha ICEG. Biashara sasa zilikuwa kama milioni 1.3, na wanawake walikuwa karibu nusu ya wenye nazo. Ila jibu la kusisimua lilitokana na swali jingine: shida yako kubwa ni ipi? Miaka hiyo wafadhili walikuwa wameshikilia mikopo midogo midogo, na K-Rep yenyewe ilikuwa imejijengea jina kwa kazi hiyo. Wenye biashara walitaja kwanza soko na ushindani. Ukosefu wa mikopo ukafuata kwa mbali. Ni jambo la kueleweka. Vibanda sita vya mitumba vikipangana mstari mmoja, mkopo kwa kila mmoja huongeza marobota, hauongezi wanunuzi.

Utafiti uliofuata wa ukubwa huo ulifanyika 2016, chini ya Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya. Ugatuzi ulikuwa umezipa kaunti kazi ya kutoa leseni, kwa hiyo madaftari ya kaunti yalitumika kuzitafuta biashara zenye leseni, na zisizo nazo zikatafutwa kwenye kaya. Zenye leseni zilifika milioni 1.56. Zisizo nayo, milioni 5.85. Angesoma madaftari peke yake, karani angeona biashara moja tu katika kila tano.

Safari hii waliulizwa pia waliofunga. Tafiti zinazokwenda dukani zina kasoro moja kubwa: huwakuta waliobaki tu, na aliyebaki husimulia shida alizozishinda. Aliyeshindwa ameshauza mizani, amehama, pengine amerudi kulima. Anapatikana nyumbani, kama kuna atakayeuliza. Walipouliza, ilikadiriwa kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano, karibu nusu yake kabla ya kutimiza mwaka. Na sababu iliyotajwa zaidi haikuwa soko tena, bali upungufu wa fedha za kuendeshea biashara.

Wapo wanaosoma hapo kwamba shida za 1999 zimebadilika. Mimi nasita. Wa 1999 walijibu wakiwa wamesimama nyuma ya meza zao. Hawa wa 2016 walikuwa hawana meza tena. Na mtu aliyemaliza akiba akingojea wateja anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba aliishiwa na pesa.