Mke Mmoja, Wazee Wengi: Kwenye Njia ya Dilolo

Mabishano yalianza kwenye matanga, Kolwezi, usiku, chai ikiwa bado ya moto. Mchungaji mmoja wa mtaani alifiwa na mkewe, na miaka miwili baadaye akaoa tena. Je, bado anastahili kusimama mbele ya kanisa? Mzee wa kwanza akasema barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya tatu, inamtaka msimamizi awe na mke mmoja, na huyu sasa ameshakuwa na wawili. Mwenzake akajibu kwamba wa kwanza yuko kaburini, na wanaohesabiwa ni walio hai. Kijana aliyekuwa akichochea moto akawachokoza wote wawili: basi asiye na mke kabisa naye hafai, na Paulo aliyeandika barua hakuwa na mke. Kila mmoja alimfunga mwenzake mdomo kwa neno lile lile: imeandikwa.

Kusoma namna hiyo, neno kwa neno, kama mtu anayesoma hati ya kiwanja, hakukuzaliwa Katanga. Kulikuja kwa miguu kutoka magharibi, kwa njia iliyopita nchi ya Dilolo. Nikaamua kuifuata njia hiyo kinyumenyume, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kolwezi: Mutshatsha, Kasaji, hadi mpaka wa Angola.

Siku hizi barabara inaandamana na reli. Reli ya Tenke hadi Dilolo ilikamilika mwaka 1931, kilomita 522 za kupeleka shaba bandari ya Lobito. Vita vya Angola viliikata mwaka 1975, na miaka miwili baadaye askari wa Katanga waliokuwa uhamishoni wakavuka mpaka na kuiteka miji hii mmoja baada ya mwingine. Lakini kabla ya mataruma palikuwa na kijia cha misafara, cha watu kutembea mmoja nyuma ya mwingine, kutoka pwani ya Benguela, kupitia Bihe na nchi ya Waluvale, hadi Bunkeya kwa Msiri, mfalme wa Garenganze. Kuelekea mashariki zilipita bunduki na vitambaa. Kuelekea magharibi walipita pembe za ndovu na watu. Mwandishi wa Kiingereza Henry Nevinson, aliyeipita njia hiyo upande wa Angola, alichapisha kitabu mwaka 1906 akieleza pingu za miti alizoziona zimetupwa na kutundikwa matawini kando ya njia. Watumwa waliofikishwa mbali kiasi cha kutoweza kutoroka walifunguliwa, na pingu zikaachwa pale pale.

Livingstone alipita karibu na Ziwa Dilolo mwaka 1854, na aliporudi mwaka uliofuata akaelewa kitu kilichomtatiza: nyanda zile zinagawa maji, mengine yakienda Kongo, mengine Zambezi. Ziwa lenyewe liko Angola, si Kongo, na wengi wanaolitaja wanalichanganya na mji.

Aliyeleta barua ya Timotheo kwa njia hii ni Frederick Stanley Arnot. Alizaliwa Glasgow mwaka 1858, na utotoni alicheza na watoto wa Livingstone. Tarehe 14 Februari 1886 aliingia Bunkeya. Msiri, mtu wa kabila la Wasumbwa kutoka upande wa Tanzania ya leo, alimkubali akae, huenda kwa sababu hakuwa na bunduki za maana wala bidhaa za kushindana naye. Arnot alikuwa wa kundi la Ndugu, lile ambalo watu wengi hulijua kwa jina la mji wa Plymouth. Kundi hilo lilianza Dublin na Uingereza miaka ya 1820 na 1830, na lilikuwa na hoja moja ya kiburi na ya unyenyekevu kwa pamoja: soma Agano Jipya kama lilivyo, uone kama utakuta mchungaji aliyewekewa mikono na askofu, akalipwa mshahara, akavaa joho. Hawakumkuta. Walikuta wazee, wengi, katika kila kanisa la mahali. Basi wakafuta cheo.

Sasa tumpime Arnot kwa barua yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 27, kwa hiyo si mzee wa kitu chochote. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumtawala kwa adabu. Alimwoa Harriet Fisher mwaka 1889, baada ya kuondoka Bunkeya. Kwa kipimo cha matanga ya Kolwezi, mtu aliyeanzisha kanisa la Garenganze asingepewa hata nafasi ya kugawa sadaka. Ndugu wangejibu kwamba alikuwa mhubiri, hakuwa mzee wa kanisa, na barua inazungumza juu ya wazee. Jibu zuri. Lakini linaonyesha kwamba hata msomaji wa neno kwa neno huchagua kwanza neno linamhusu nani.

Shemeji yake, Walter Fisher, alikuwa daktari mpasuaji aliyesomea London. Mwaka 1906 alianzisha hospitali ya Kalene, upande wa Zambia, karibu na pale nchi tatu zinapokutana, na wagonjwa walivuka mipaka kumfuata. Msomi yule hakuwa na cheo chochote cha kanisa. Aliitwa ndugu.

Tafsiri nayo ina mkono wake. Neno la Kigiriki katika barua ni mtu anayeangalia, anayesimamia. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, imeweka askofu. Ukisema askofu, msikilizaji anaona kofia na fimbo. Ukisema mwangalizi, anaona mtu anayefukuza nyani shambani. Mstari ni ule ule, na watu wawili wanaousoma kwa uaminifu wanatoka na makanisa mawili.

Wamethodisti waliifuata njia hii kutoka upande mwingine. John na Helen Springer walivuka kwa miguu mwaka 1907 kutoka Broken Hill, Kabwe ya leo, hadi Angola, wakarudi miaka michache baadaye kuanza kazi Katanga na kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Kwao mhubiri alipaswa kufundishwa, kupimwa na kuidhinishwa na konferensi. Walianza na shule ndogo ya Biblia. Leo Mulungwishi, njiani kuelekea Likasi, kuna kitivo kizima cha theolojia. Helen mwenyewe alifundisha na kuandika, na wala mstari wa sura ya pili ya barua hiyo hiyo unaomnyamazisha mwanamke haukumzuia. Kanisa lake lilisubiri hadi mwaka 1956 kuwapa wanawake haki kamili ya uchungaji.

Anayenivutia zaidi ni Kayeka Mutembo. Alikuwa Mlunda aliyechukuliwa mtumwa akiwa mtoto, akapelekwa Angola kwa njia ya pingu, akawa Mkristo huko. Alirudi kwao na kuwa miongoni mwa wahubiri wa kwanza wa Kimethodisti kwa Mwant Yav. Njia iliyompeleka akiwa mali ilimrudisha akiwa mwalimu.

Barua inasema pia kwamba msimamizi asiwe mtu aliyeongoka juzi. Katika Katanga ya mwaka 1912, nani hakuwa ameongoka juzi? Sharti hilo lisingeweza kutekelezwa, na kwa wahubiri wa kijijini halikutekelezwa. Lakini ngazi za juu lilikumbukwa kwa muda mrefu mno. Mkongomani wa kwanza kuwa askofu wa Kimethodisti, John Wesley Shungu, alichaguliwa mwaka 1964. Nusu karne na ushei ya kuwa mpya!

Kisha ikaja serikali na kipimo chake. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 iliyaweka madhehebu chini ya usajili wa dola, na Waprotestanti wakabanwa ndani ya Kanisa la Kristo Zaire, chini ya Jean Bokeleale, ambaye baadaye alichukua cheo cha askofu. Ndugu wasiotaka mkuu wakalazimika kuwa na mwakilishi wa kisheria, kwa kuwa dola haiandikiani barua na benchi la wazee. Mwelekeo huo haujaisha katika kanda yetu: Rwanda, tangu mwaka 2018, sheria inamtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo. Naelewa kwa nini. Ukitembea Kolwezi ukahesabu vibao vya mitume na manabii kando ya machimbo, utatamani mtu awaulize vyeti. Ila Kayeka naye asingekuwa na cheti.

Upande wa Kasaji nilikaa na mzee wa kanisa la Garenganze aliyestaafu kazi ya reli. Ndani ya nyumba yao ya ibada mabenchi yamezunguka meza ya mkate na kikombe, pande zote nne, bila mimbari. Nikamweleza mabishano ya matanga. Hakuyajali.

"Mwana," akasema, "ile orodha iko na mwisho. Beko nasoma mwanzo tu."

Mwisho wa orodha, aya ya saba, unataka watu wasio wa kanisa nao wamseme vizuri mtu huyo. Nikamwuliza wanalitimizaje sharti hilo. Akanieleza kwamba walipokuwa wakimfikiria fulani awe mzee, walituma watu wawili kwa mwenye duka pale sokoni, ambaye si wa kanisa lao, na swali moja: *Batu ba inje banasema nini juu yake?*

"Akasema nini?"

"Akafungua daftari ya madeni."

Walingoja msimu mzima wa mihogo hadi jina likafutwa. Huyo mzee mpya alikuwa ndani wakati tunaongea, akifagia chini ya mabenchi, na mwenye duka alipopita barabarani na baiskeli aligonga kengele mara mbili.